Kuhama kutoka systemd kwenda sysvinit kwenye Debian bila kuiacha kompyuta kwenye skrini nyeusi

Swali ni lile lile kila mara: "nimefuata maelekezo nikatoa systemd, saivi mashine inawaka alafu inaishia skrini nyeusi, nifanyeje?" (systemd ni programu ya kwanza kuwaka kwenye Linux kama Debian na ndiyo inayowasha nyingine, sysvinit ni ile ya zamani ya kazi hiyo.) Nimeshajibu mmoja mmoja mpaka nikaona bora niandike yote sehemu moja, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujagusa kibodi, maana kuna vitu vya hatua ya tatu ambavyo ukivikumbuka hatua ya saba umeshachelewa.

Kuna jambo moja nataka ulishike kabla ya yote. Amri ya kuhama ni moja tu na inaisha dakika mbili. Kinachoumiza watu ni kwamba systemd haikuwa inawasha huduma peke yake, ilikuwa pia inaandika logi, inaweka saa sawa, inaendesha kazi za ratiba, na kwenye kompyuta yenye desktopu ndiyo inayojua nani ameingia na nani ana haki ya kugusa sauti na kitufe cha kuzima. Ukiitoa, kazi zote hizo zinabaki bila mwenyewe. Mashine nyingi ninazoletewa kama "zimekufa" hazijafa hata kidogo, kuna kazi moja tu kati ya hizo imekosa wa kuifanya. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kuweka mbadala kwanza.

Nadharia ni hii tu, sitaongeza: kerneli (kiini cha mfumo) ikimaliza kujiandaa inawasha programu moja, inapewa namba 1, na hiyo ndiyo init, vingine vyote vinazaliwa kutoka kwake. Debian ilikaa na sysvinit miaka mingi mpaka Debian 8 ya mwaka 2015 ndipo systemd ikawa ya kawaida. sysvinit haikufutwa, bado ipo kwenye hazina rasmi. Wanachama wa Debian walipiga kura mwishoni mwa 2019, systemd ikabaki ndiyo kuu na wanaotaka kushughulikia njia nyingine wakaachiwa mlango. Maana yake kwako ni kwamba inawezekana kabisa, ila usitegemee kila pakeji imejaribiwa na init yako mpya.

Sasa, nani asifanye hivi. Kama unatumia Ubuntu acha, snapd yao (ya kusakinisha programu) inategemea systemd na utapigana nayo kila siku. Fedora vilevile. Kama unatumia desktopu ya GNOME na unaipenda, jua imeshikamana sana na systemd, ni afadhali XFCE, MATE au LXQt. Na kama mashine ni tupu, yani unaanza upya, hamna haja ya kuhama, sakinisha tu mfumo ambao tangu mwanzo hauna systemd: Devuan ni Debian ile ile bila systemd, Void inatumia runit, Alpine na Gentoo wanatumia OpenRC, Artix ni kwa watu wa Arch. Mwongozo huu ni wa mtu ambaye Debian yake tayari imejaa kazi zake na hataki kuanza moja. Nimeandika nikiwa na Debian 12 mbele yangu.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Bekapu ya /home na /etc, kwenye diski nyingine, sio kwenye folda nyingine ya diski ile ile.
- Flashi ya USB yenye Debian ya moja kwa moja (live), na uwe umeshaijaribu kwamba inawaka kwenye mashine hiyo. Flashi ambayo hujaijaribu ihesabu kama huna.
- Kibodi na skrini vilivyochomekwa kwenye mashine yenyewe. Kama ni seva ya mbali, uwe na konsoli ya mtoa huduma. SSH (kuingia kwa mbali kupitia mtandao) peke yake haitoshi, ikikataa kuwaka hutakuwa na pa kuingilia.
- Kifaa kingine chenye intaneti, simu inatosha.
- Saa mbili zisizo na haraka.

Amri zote hapa ni za root (msimamizi wa mfumo), na uingie kwa `su -` yenye kistari. Ukiandika `su` tupu utaambiwa update-rc.d haipo wakati ipo, ni njia tu za /sbin hazijapakiwa. Hilo limepotezea watu wengi muda.

Hatua

1. Thibitisha uko wapi.

```
ps -p 1 -o comm=
ls -l /sbin/init
```

Ya kwanza ikijibu systemd na ya pili ikionyesha kiungo kinachoelekea systemd, basi uko nayo kweli. Kuna watu wamehangaika nusu siku kumbe mashine yao ilikuwa na init nyingine tangu zamani.

2. Andika kila kinachofanya kazi saivi. Hii hatua watu wanairuka na ndiyo inayowarudisha.

```
systemctl list-unit-files --state=enabled > /root/huduma.txt
systemctl list-timers --all > /root/ratiba.txt
dpkg --get-selections > /root/pakeji.txt
```

Alafu toka root, ingia kama wewe mwenyewe, uandike `systemctl --user list-unit-files --state=enabled`, matokeo yake uyahifadhi pia. Hakikisha faili zote umezinakili kwenye flashi au simu. Sasa fungua huduma.txt, kila huduma unayoitegemea itafute ndani ya /etc/init.d. Ikiwa na skripti pale, itahama bila shida. Isipokuwa nayo weka alama, tutarudi kwake. Kwa seva cha kuangalia kwanza kabisa ni /etc/init.d/ssh na /etc/init.d/networking.

3. Weka mbadala wa kila kazi, ukiwa bado kwenye systemd.

```
apt update
apt install rsyslog cron anacron chrony ifupdown
```

rsyslog ni ya logi. Debian 12 ukiisakinisha upya haiji nayo, inategemea journald (ya logi, sehemu ya systemd), kwa hiyo ukihama bila rsyslog mashine itakuwa haiandiki chochote na siku ikiharibika huna pa kusoma. cron na anacron ni za kazi za ratiba. Mfano logrotate (inayozungusha logi za zamani): ukiangalia /etc/cron.daily/logrotate utaona mistari ya mwanzo inakagua kama systemd ndiyo inayoendesha mashine, ikiwa ndiyo skripti inatoka bila kufanya kitu, ikiwa siyo inafanya kazi yenyewe. Kwa hiyo hiyo inajihamisha. fstrim (inayoiambia SSD nafasi zipi hazitumiki tena) haina kitu kama hicho, kama una SSD na kwenye ratiba.txt unaona fstrim.timer tengeneza faili /etc/cron.weekly/fstrim uweke hivi, alafu `chmod +x`:

```
#!/bin/sh
/sbin/fstrim -av
```

chrony ni ya saa, ikiingia itaitoa systemd-timesyncd na hivyo ndivyo tunavyotaka. ifupdown ni kwa wanaoweka mtandao kwa /etc/network/interfaces. Ukiwa kwenye systemd-networkd (mtandao ukiendeshwa na systemd), lazima mipangilio yako uihamishie huko saivi, sio baadaye.

Na DNS, yani kugeuza majina ya seva kuwa namba. Andika `ls -l /etc/resolv.conf`. Ukiona ni kiungo kinachoelekea ndani ya /run/systemd/resolve, ujue siku systemd-resolved haitawaka kiungo hicho kitaelekea hewani. Mimi lilinikuta hili: mtandao upo, ping ya namba inaenda, lakini apt haipati hata seva moja, nikatumia jioni nzima kwenye kadi ya mtandao wakati tatizo ni faili la mstari mmoja. Futa kiungo, weka faili halisi:

```
rm /etc/resolv.conf
echo "nameserver 9.9.9.9" > /etc/resolv.conf
```

Kama kuna pakeji ya NetworkManager au DHCP inayojaza faili hilo yenyewe, itaandika juu yake, hamna shida.

Mwisho angalia /etc/fstab (orodha ya diski zinazopachikwa wakati wa kuwaka). Popote penye `x-systemd.automount` au ndugu zake, hayo yanasomwa na systemd tu, init nyingine itayapita kama hayapo. Diski za nje ziwekee `nofail`, za mtandao ziwekee `_netdev`.

4. Jaribu bila kufanya kweli.

```
apt-get -s install sysvinit-core sysv-rc orphan-sysvinit-scripts
```

Hiyo -s ni ya kuigiza, haibadilishi kitu. orphan-sysvinit-scripts ni ya muhimu, inaleta skripti za pakeji ambazo wenyewe waliacha kuziweka. Soma orodha iliyo chini ya neno REMOVED mstari kwa mstari. systemd-sysv na libpam-systemd kuondoka ni kawaida. Ukiona na vipande vya desktopu vinaondoka usitishike ila VIANDIKE PEMBENI, tutavirudisha hatua ya 8. Ukiona kinaondoka kitu kama kerneli, grub (menyu inayowasha mfumo) au pakeji ya mtandao wako, simama hapo hapo.

Usijaribu kuiondoa pakeji ya systemd yenyewe kwenye hatua hii. Itakataa, kwa sababu ndiyo namba 1 inayokimbia, na apt itabaki katikati ya safari na pakeji nusu nusu.

5. Hama. Toka kwenye desktopu kwanza, bonyeza Ctrl+Alt+F3 uingie kwenye konsoli ya maandishi, maana ukifanya ndani ya terminali ya desktopu na desktopu ikaanguka katikati, apt nayo inaanguka.

```
apt install sysvinit-core sysv-rc orphan-sysvinit-scripts
```

apt ikikuonya kwamba unagusa pakeji muhimu na ikataka uthibitishe kwa sentensi nzima, kabla hujaandika hakikisha sysvinit-core ipo kwenye orodha ya zinazoingia. Init moja inatoka, nyingine inaingia, huo ndio ubadilishanaji unaoutaka. Ikiwa inatoka na haiingii nyingine, kataa.

Ikimaliza angalia tena `ls -l /sbin/init`, safari hii isiwe kiungo cha systemd. Na /etc/inittab lazima iwepo, ndani yake kuna mstari `id:2:initdefault:`.

6. Washa upya, lakini sio kwa `reboot`. Hili linawachanganya sana wageni. Amri ya reboot uliyonayo sasa hivi ni ya sysvinit, na anayeendesha mashine bado ni systemd, wanaweza wasielewane kabisa na ukabaki unaangalia skrini isiyoitika. Tumia:

```
systemctl reboot
```

Pakeji ya systemd bado ipo kwenye diski kwa hiyo amri hiyo inafanya kazi. Usizime kwa kitufe.

7. Hakiki. `ps -p 1 -o comm=` sasa ijibu init. Alafu `service --status-all`, kila unachokitegemea kiwe na alama ya kujumlisha, na zile zenye alama ya kutoa zipitie moja moja. Jaribu mtandao, jaribu SSH kutoka mashine nyingine, angalia kama /var/log/syslog inaongezeka, angalia saa kwa `chronyc tracking`.

Majina ya kadi za mtandao hayabadiliki, enp3s0 inabaki enp3s0, kwa sababu udev (inayotambua vifaa na kuvipa majina) ni ile ile.

8. Rudisha desktopu. Kwa seva ruka hatua hii.

```
apt install elogind libpam-elogind dbus-x11
```

elogind ndiyo inayochukua kazi ya kujua nani ameingia. Hapa apt inaweza kuomba kuiondoa pakeji ya systemd ili kupisha elogind, na sasa ni sawa kwa sababu siyo namba 1 tena. Lakini kubali tu kama hatua ya 7 ilipita safi, utaona sababu kwenye sehemu ya matatizo. Baada ya hapo sakinisha vile ulivyoviandika pembeni, washa upya (saivi `reboot` ya kawaida inatosha), ingia, andika `loginctl` uone jina lako, na `echo $XDG_RUNTIME_DIR` itoe njia kama /run/user/1000. Ikitoa mstari mtupu, elogind haijashika na vitu vingi vya desktopu vitasumbua.

9. Funga mlango. Kama systemd bado ipo, ikae wiki moja ukiwa unatumia mashine kawaida, alafu `apt purge systemd`. Baada ya hapo tengeneza faili /etc/apt/preferences.d/bila-systemd:

```
Package: systemd-sysv
Pin: release o=Debian
Pin-Priority: -1
```

Bila hilo, siku moja utasakinisha kitu kinachotaka systemd-sysv, utabonyeza y bila kusoma, na utakuwa umerudi ulikotoka.

Kosa kubwa la hatua hii ni kuanza kuwinda kila kitu chenye jina systemd. libsystemd0 iache! Ni maktaba tu, haiendeshi chochote, na programu nyingi zimeunganishwa nayo, ukilazimisha kuitoa unabomoa nusu ya mfumo. udev nayo iache.

10. Zoea amri mpya. `systemctl start nginx` sasa ni `service nginx start`. Ya enable ni `update-rc.d nginx enable`, na ya disable ni `update-rc.d nginx disable`. Ya journalctl ni kusoma /var/log/syslog kwa less au tail -f. Ngazi za kuendesha (runlevel): 0 kuzima, 1 ya matengenezo, 6 kuwasha upya, na kwenye Debian 2 mpaka 5 ni sawa.

Zile huduma ulizowekea alama hatua ya 2, ambazo hazina skripti, unaziandikia mwenyewe, na sio kazi ngumu kama watu wanavyotishana. Tuseme una programu yako /usr/local/bin/kipima. Tengeneza /etc/init.d/kipima:

```
#!/usr/bin/env /lib/init/init-d-script
### BEGIN INIT INFO
# Provides:          kipima
# Required-Start:    $remote_fs $syslog $network
# Required-Stop:     $remote_fs $syslog $network
# Default-Start:     2 3 4 5
# Default-Stop:      0 1 6
# Short-Description: Kipima joto cha chumba
### END INIT INFO
DESC="Kipima joto"
DAEMON=/usr/local/bin/kipima
PIDFILE=/run/kipima.pid
START_ARGS="--background --make-pidfile"
```

Alafu `chmod +x /etc/init.d/kipima` na `update-rc.d kipima defaults`. Mistari yenye # hapo juu sio maelezo ya kupamba, inasomwa, ndiyo inayopanga nani anatangulia nani. Ukikosea neno moja huduma inaweza kuwaka kabla ya mtandao.

Tofauti moja uijue: skripti hii haitaifufua programu ikianguka. Ukitaka ifufuliwe kila ikifa, usitumie skripti, weka mstari kwenye /etc/inittab alafu uandike `telinit q`:

```
kp:2345:respawn:/usr/local/bin/kipima
```

Herufi za mwanzo zisizidi nne, na programu isijitupe nyuma yenyewe, maana init itadhani imekufa na kuiwasha tena na tena. Ikifanya hivyo haraka haraka, init inaisimamisha kwa dakika 5 na kulalamika kwenye konsoli.

Ikigoma

Mashine haiwaki kabisa baada ya hatua ya 6. Kwenye menyu ya GRUB bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, mwisho wake ongeza `init=/lib/systemd/systemd`, bonyeza Ctrl+x. Utarudi kwenye systemd kwa mara hiyo moja, kwa sababu pakeji yake bado ipo, na hapo unaweza kurekebisha au kurudi kabisa kwa `apt install systemd-sysv`. Ndiyo maana nasisitiza usiwe na haraka ya kuifuta.

Umeshaifuta na haiwaki. Njia ile ile ya GRUB ila weka `init=/bin/bash`. Utapata root moja kwa moja, diski ikiwa ya kusoma tu, kwa hiyo anza na `mount -o remount,rw /`. Rekebisha, andika `sync`, alafu `reboot -f`. Usiandike exit, kerneli itasimama ghafla (kernel panic) kwa sababu namba 1 imekufa. Ikishindikana hapo, ndipo flashi inapoingia: mount diski yako kwenye /mnt, fanya `mount --rbind` ya dev, proc, sys na run, `chroot /mnt`, futa faili la bila-systemd kama uliliweka, alafu sakinisha systemd-sysv.

Hamna sauti. Debian inawasha pipewire (programu ya sauti) kama huduma ya mtumiaji ya systemd, na hiyo haipo tena. Tengeneza skripti hii, uiweke kwenye vitu vinavyoanza pamoja na desktopu yako:

```
#!/bin/sh
pipewire &
sleep 1
wireplumber &
pipewire-pulse &
```

Huduma zako nyingine za `--user` ulizozihifadhi hatua ya 2 zinahamia huko huko.

Docker (ya kuendesha programu ndani ya kontena) inalalamika kuhusu cgroup (mgao wa rasilimali wa kerneli). `apt install cgroupfs-mount`, alafu washa docker upya.

Wifi imepotea lakini kebo inafanya kazi. Angalia kama /etc/init.d/network-manager au network-manager ya jina lingine ipo na imewekwa kuwaka, mara nyingi ni orphan-sysvinit-scripts haikusakinishwa.

Mashine inasimama dakika nzima wakati wa kuwaka. Kimoja cha kuangalia ni diski kwenye fstab ambayo haijachomekwa na haina `nofail`.

Ukiniuliza swali, weka matokeo ya `ps -p 1 -o comm=`, mistari 30 ya mwisho ya /var/log/syslog na umefika hatua namba ngapi. Bila hivyo vitatu nitabaki nabahatisha tu, na wewe unazidi kusubiri.